Patroni na Miti ya Mpaka

Jumapili, tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane. Tangu alfajiri upepo unavuma kutoka upande wa machimbo ya zamani, na lile vumbi la njano limeingia mpaka kwenye bakuli la sukari. Baridi imepungua kidogo. Nimefua mapazia, nikayaanika, nikayaanua, nikayafua tena.

Tulipotoka kanisani Furaha wa Hillbrow alinitumia picha kwenye simu, picha ya kutoka kwetu, na tangu niione sijafanya kazi ya maana. Nimekaa kwenye cherehani bila kushona. Nimeona afadhali niandike habari za Patroni jinsi alivyokuwa, kabla sijaanza kumkumbuka vizuri kuliko alivyokuwa. Shule niliiacha mapema. Kama nitaandika ovyo, basi hiyo ovyo ni yangu, si yake. Na hiyo picha nitaieleza mwishoni, kwa sababu bila kumjua Patroni ni picha ya majani tu.

Mbele yake tulimwita Patroni, yaani bwana mkubwa. Nyuma yake watu wa kwetu walimwita Mtoto wa Benki. Sababu iko wazi: familia yao ilikuwa na benki yao wenyewe pale Bukavu, yenye mlango wa shaba uliong'arishwa hadi ukaweza kujitazama meno, na ilikuwa na shamba juu ya ziwa. Shamba ni kusema kidogo. Ulikuwa mlima mzima: kahawa, ng'ombe wa maziwa, msitu wa mikaratusi, na chini mabonde ambamo watu walikuwa wakilima kwa ruhusa. Vyote alivirithi yeye. Vita vilipokuja benki ilifungwa, yeye akaja huku, na mimi nilipomjua alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Turffontein, Afrika Kusini. Binti yake aliyeko Ulaya ndiye aliyekuwa akikilipia. Kilikuwa na kitanda, jiko la umeme la sahani moja, na makoti ya sufu yaliyopigwa pasi kama ya mtu anayesubiriwa na gari.

Benki hakuililia. Sikuwahi kumsikia akiitaja, labda mara moja, alipopita mtu akajisifu kwamba ana akaunti mahali fulani pazuri. Patroni alisema, "Pesa inalala kitanda chochote. Mtu analala kwao." Yule mtu alicheka akidhani ni utani. Lakini shamba hakukubali kwamba limekwisha. Alisema "kahawa yangu imechanua sasa" kwa neno la leo, kama mtu aliyetoka shambani asubuhi akapitia dukani kununua gazeti.

Kila asubuhi alitembea mtaa wetu na fimbo, taratibu, akitazama kila ukuta. Alikuwa anakagua. Hakuna aliyemtuma. Bomba likivuja alilijua kabla ya mwenye nyumba. Alisimama mlangoni pa spaza, kile kiduka cha mtaa, akamwambia kijana wa Kihabeshi anayeuza pale, "Maji yako yanapotea tangu jana, mwanangu, na ardhi hii haiyanywi." Wengine walimpenda kwa hilo. Wengine waliona ni jeuri, mpangaji wa chumba cha nyuma kukagua nyumba za watu. Nadhani wote walikuwa na haki. Mimi mwenyewe kuna siku alinionyesha kwa fimbo kwamba kamba yangu ya nguo imelegea, na nikatamani kuifunga shingoni mwake. Nikaifunga pale alipoonyesha. Tangu hapo haijaanguka.

Siku za mashindano ya farasi alivaa kofia akaenda kusimama kwenye uzio wa uwanja, upande wa nje. Huku nyumbani tunasikia sauti ya mtangazaji ikipanda, ikipanda, halafu kelele, halafu kimya. Hakucheza kamari hata mara moja. Mume wangu, Baba Riziki, alimuuliza, "Sasa Patroni, unaenda kufanya nini pale?"

"Kusalimia."

"Kumsalimia nani?"

"Yule wa mwisho. Wa kwanza ana watu wake."

Kweli, alikuwa akivua kofia farasi wa mwisho akipita. Nilimwona kwa macho yangu. Nikawaza, huyu ni mtu mwenye moyo. Lakini nisimpambe. Mama aliyekuwa akimfulia nguo miaka yote hiyo, mama wa Uvira, mpole, Patroni alimwita "yule wa nguo". Farasi anavuliwa kofia, mama anaitwa yule wa nguo. Sijui nisemeje. Nayaweka yote mawili hapa, kila moja lisimame peke yake.

Ugali aliula kwa uma na kisu. Kwenye meza ya baba yake ilikuwa hivyo, na hakuona kwa nini meza yangu ya plastiki iwe tofauti. Alikata tonge kama nyama, akachovya, akapangusa mdomo kwa leso. Binti yangu Riziki, aliyezaliwa huku, anayesikia Kiswahili chote ila anajibu kwa Kiingereza, alimwiga. Nilimgombeza. Nilimwambia ugali unataka mkono, usijifanye mtoto wa benki. Patroni alisikia, akaendelea kukata.

Kuhusu mvua za huku alisema, "Inakuja na hasira, inaondoka bila kuaga." Mvua ya kwao, alisema, ilikuwa inabisha hodi kwanza: ukungu, halafu harufu, halafu yenyewe. Akianza habari hizo hakutazama mtu usoni. Aliwataja ng'ombe wake kwa majina, na yalikuwa majina ya wanawake wa Kifaransa, Koleti, Josefina, Bernadeta, na tabia ya kila mmoja, nani alikuwa mvivu, nani aliogopa radi. Hapo uso wake ulikuwa wa kijana. Mimi kwetu hatukuwa na mlima, tulikuwa na chumba kimoja karibu na soko, lakini nilipokuwa nikimsikiliza nilitamani kurudi mahali ambapo sikuwahi kuwa. Ni jambo la ajabu kutamani mlima wa mtu mwingine.

Sasa nifike kwa Furaha.

Furaha anasuka nywele Hillbrow, ghorofa ya chini ya jengo lenye lifti iliyokufa. Ana mdomo. Alikuja Jumatatu, siku yake ya kupumzika, pamoja na mama yake aliyekuwa ametoka kwetu kwa basi, siku nyingi njiani, miguu imevimba. Mama alikuwa amebeba mzigo uliofungwa kwa kitenge kilicholoweshwa maji. Sikujua ni nini. Nilidhani ni sombe, majani ya muhogo.

"Jambo sana, Patroni," akasema Furaha. "Miye ni mjukuu wa mzee wa kule chini kwenye mto. Yule aliyechunga ng'ombe zako."

Patroni akainuka kabisa. "Koleti alikuwa chini ya mzee yule. Mwenye doa jeupe hapa. Mtu mzuri sana, hakumpiga hata siku moja."

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Koleti."

"Hapana. Babu yangu."

Patroni akatazama fimbo yake. "Yule wa Koleti," akasema polepole.

"Eish," akasema Furaha. "Ng'ombe ana jina, babu hana."

Mama yake alimfinya. Niliona vidole. Halafu mama mwenyewe, kwa sauti ya chini, akasema kilichomleta. Tajiri mmoja wa mjini alikuwa ameanza kupita mabondeni na watu wa kupima, akisema mwenye shamba alifia Afrika Kusini na ardhi ile haina mtu, kwa hiyo wote wanaolima waanze kufunga mizigo. Watu wale wamezaliwa pale, na wazazi wao wamezikwa pale.

Wasiojua desturi yetu niwaeleze. Kwetu, mwenye shamba akitaka kumpa mtu ardhi, karatasi peke yake haitoshi. Anachukua fimbo za mti wa mpaka, ule wenye majani marefu kama ya mahindi, ambao ukiuchomeka popote unashika. Anazipanda mwenyewe, kwa mkono wake, wazee wakitazama, halafu wanakunywa pombe ya ndizi pamoja kutoka chungu kimoja. Tangu siku hiyo aliyepanda hawezi kuuvuka mstari ule akasema hapa ni pangu, na mtu mwingine akija, majirani wote watashuhudia. Tunasema mkono uliopanda haung'oi.

"Wazee wamekaa," akasema mama. "Wamesema, kama mkono hauwezi kuja kwenye mti, basi mti uende kwenye mkono. Tumezikata mlimani kwako. Uzipande hapa zishike mizizi chini ya mkono wako, halafu turudi nazo."

Akafungua kitenge. Fimbo za kijani, zimekunjamana kidogo na safari. Patroni alichukua moja akanusa pale ilipokatwa. Alinusa muda mrefu.

"Zimekatwa kwa panga butu," akasema. Halafu, "Nitazipanda."

Baba Riziki alitafuta ndoo za rangi zilizokwisha, akazitoboa chini. Patroni alivua koti, akakunja mikono ya shati, na kwa mara ya kwanza nikaona mikono yake ikifanya kazi. Ilijua. Alibana udongo kwa kiganja kama anayefunika mtoto. Furaha alikuwa amekuja na pombe ya mtama, ile ya boksi inayotikiswa, kwa sababu ya ndizi huku utaipata wapi. Akaimimina kwenye jagi langu, akachomeka mirija ya juisi.

Patroni akakataa. "Pombe ya mpaka hunywewa miti ikishaondoka," akasema.

Nilidhani anaidharau pombe ya boksi, kwa sababu aliitazama vibaya. Baadaye nilianza kuwaza vingine. Bila pombe jambo halijafungwa. Alipanda, lakini mlango aliuacha wazi nyuma yake. Sijui. Huenda kweli hakupenda harufu.

Mama alirudi kwetu mikono mitupu, Furaha akabaki na kazi ya kufuatilia. Miti ilishika. Haikuchukua muda; majani mapya yalitoka, membamba, yanang'aa. Furaha akapiga simu. "Bado," akasema Patroni. Furaha akaja mwenyewe. "Kuna joto sana, zitakauka njiani." Joto likaisha. "Baridi itaziua." Siku nyingine nilipokuwa nikimwagilia niliona mizizi myeupe imetokeza kwenye matundu chini ya ndoo, nikamwonyesha.

"Mizizi ya kwanza ni ya uongo," akasema.

"Patroni," nikasema, "mimi nimekulia mjini, lakini sijawahi kusikia mizizi ya uongo."

Jioni nikamkuta amekaa kwenye kiti katikati ya ndoo zake, amevaa koti, ameipa barabara mgongo. Majani yalimfika mabegani. Akanionyesha kwa mkono nisimame karibu naye.

"Simama hapo. Subiri upepo. Unasikia harufu ya kahawa?"

Nilisikia moshi wa makaa na mafuta ya chipsi ya jirani. Nikasema nasikia kidogo. Akafurahi, halafu furaha ikamwisha usoni.

"Nikizitoa hizi, Mama Riziki, siku nikirudi nitabisha hodi. Kwangu. Nitasimama kama mgeni kwenye mlima wangu, mtu aniulize ninatafuta nani."

"Na wasipozipata?"

"Najua," akasema. "Usidhani sijui. Yule tajiri ataanzia kule chini kwenye mto." Alishika jani moja, akalipitisha katikati ya vidole toka shina hadi ncha. "Nipe muda kidogo tu."

Furaha hakuwa na muda wa kutoa. Mama yake alikuwa akipiga simu kila wiki: nguzo za kupimia zimefika kwenye kahawa, zimefika kwa jirani, mtu fulani ameshaanza kubomoa jiko lake kabla hawajambomolea. Furaha alinieleza haya akinisuka, akivuta nywele zangu kwa hasira ya mtu mwingine. "Anakaa na mlima wetu kwenye ndoo," akasema. "Anaufuga kama paka." Nilicheka, na nikaona aibu kucheka. Kwa upande wake ilikuwa kweli. Kwa upande wa Patroni, nilikuwa nimeona lile jani katikati ya vidole.

Kilicholifungua jambo ni kosa la Baba Riziki, na hakulifanya kwa ubaya.

Ulikuwa mwezi wa sita. Usiku jalidi ilianguka, nyasi zikaamka nyeupe, na ncha za majani ya Patroni zikaungua. Baba Riziki alirudi asubuhi kutoka lindoni Marshalltown, anakolinda jengo la maofisi, akaona ile hali, akahurumia. Jua la asubuhi hapa linapiga kwanza kwenye ule ukuta mfupi kati yetu na jirani. Basi akazibeba ndoo zote akazipanga juu ya ukuta, mstari ulionyooka kabisa, kwa sababu yeye ni mtu wa mambo yaliyonyooka. Halafu akaenda kulala.

Jirani yetu wa upande ule ni Baba Divine, Mrundi, anaziba matairi Rosettenville. Watu wa kwao wana desturi kama yetu. Alitoka na kikombe chake cha chai, akaona miti ya mpaka imesimama mstari mzima toka barabarani mpaka nyuma. Alivaa suti, akaenda kumleta shemasi wa kanisa lao, akarudi akagonga.

"Baba Riziki. Mnanipimia?"

Mume wangu alitoka na blanketi mabegani. "Nini?"

"Ninauliza kwa heshima, mbele ya shemasi. Mnanipimia?"

"Ni ndoo, Baba Divine. Ndoo za rangi. Tazama, zina mipini."

"Hata ule ugomvi wa kwetu ulianza kidogo. Ndugu yangu na miye hatusalimiani tangu zamani kwa sababu ya mti kama huo. Nimevuka nchi ngapi, halafu ninaamka Turffontein ninaukuta unanichungulia dirishani."

"Lakini sote tunapanga! Nyumba yako na yangu ni za mtu mmoja ambaye hata sura hatumjui."

"Basi umuulize kama ndiye alikutuma."

Shemasi akasema tusali kwanza. Baba Riziki akasema asali nani, yeye ametoka lindoni. Watu wa mtaa wakaanza kukusanyika, na kijana wa spaza naye akaja bila kuelewa neno, akiuliza kama ni msiba. Ndipo mtu akasema, mwiteni Patroni, haya ni mambo ya ardhi.

Akaja na kofia. Wakampa kiti. Nilimwona anavyonyooka mgongo: hii ndiyo kazi aliyoizoea, watu wawili mbele yake na mpaka katikati. Akaweka kofia gotini.

"Sehemu hii chini ya ukuta, anafagia nani?"

"Mke wangu," akasema Baba Divine.

"Zile mboga za lengalenga pale, amepanda nani?"

"Mke wangu vilevile."

"Mvua ikijaza maji hapa, anayetoa ni nani?"

"Ni miye. Na ndoo yangu."

"Basi ni pako," akasema Patroni. "Nenda ukanywe chai yako. Mti hauwezi kusema zaidi ya mtu anayefagia. Aliyepanda akaenda zake, huyo amechomeka fimbo tu."

Baba Divine akacheka kwa nafuu, akampa mume wangu mkono. "Sharp, Patroni amekata kesi." Shemasi akasali hata hivyo. Watu wakatawanyika. Lakini Patroni hakuinuka. Alibaki kwenye kile kiti na kofia gotini, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoitegemea. Nilimletea chai ikapoa. Jioni hakuja kula.

Asubuhi alinikuta nikiwasha pasi. Alikuwa amenyoa.

"Mpigie yule binti wa Hillbrow," akasema. "Mwambie aje. Na aje na majina."

Jumatatu ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Furaha alikuwa ameyachukua majina kwa mama yake kwa simu, ameyaweka kichwani. Patroni alizitoa fimbo ndooni moja moja, na kila moja ilitoka na ndevu ndefu za mizizi. Furaha alitaja nyumba, Patroni akarudia jina kwa sauti, taratibu, akaufunga mzizi kwa gunia bichi. Jina, mti. Jina, mti. Mengine aliyakosea, Furaha akamrekebisha kama mwalimu, naye akarudia mpaka likakaa. Mimi nilishika kamba. Hakuna aliyefanya utani.

Ukabaki mmoja, mrefu kuliko yote.

"Huo ni wa kwetu," akasema Furaha. "Kule kwenye mto. Andika... yaani sema..."

"Kahasha," akasema Patroni kabla hajamaliza.

Furaha akainua kichwa.

"Babu yako aliitwa Kahasha. Nilikuwa ninalijua siku zote. Sikuwa nikilitumia tu."

Nilifikiri Furaha angemjibu vibaya, na haki ya kujibu vibaya alikuwa nayo. Aliuchukua mti mikononi mwake. Akasema, lakini si kwa ukali, "Koleti asikusikie."

Halafu akatoa boksi la pombe kwenye mfuko, akalitikisa. Safari hii Patroni aliukubali mrija. Alivuta, akafumba macho, akasema, "Hii pombe ni mbaya sana." Akainywa mpaka jagi likapiga kelele.

"Na weye, Patroni?" Furaha akauliza. "Siku ukija, tukuweke wapi?"

"Mgeni hachagui kitanda," akasema.

Niliandaa chakula. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko, na nikajiambia leo, leo hii, huyu mzee atakula ugali kwa mkono kama sisi. Ingekuwa vizuri kuandika hivyo. Alinawa, akakausha kila kidole, akaomba uma.

Miti ilisafiri na mama mmoja mfanyabiashara anayekwenda mpaka Lubumbashi, na toka pale mtu mwingine, na mwingine. Mipaka ya nchi waliivukaje sikuuliza. Patroni alikaa kwenye kiti chake katikati ya ndoo tupu miezi kadhaa. Hakulalamika. Mara moja alinisimamisha upepo ukivuma, nikadhani ataniuliza habari ya kahawa. Aliniuliza jina la mama anayemfulia. Nikamwambia. Msimu wa mvua zenye hasira alilazwa, na hakurudi. Binti yake alikuja toka Ulaya tukamzika kusini mwa mji huu, mbali na kwao, yeye aliyekuwa akisema mtu analala kwao.

Na picha ya leo ni hii. Bonde lile, toka juu. Miti ya mpaka imekatwa ikazaa mingine, imekuwa mirefu kuliko mtu, inashuka mistari mistari mpaka kwenye mto, na kila mstari una shamba la mtu ndani yake, maharage, mihogo, moshi wa jiko. Furaha anasema yule tajiri alikuja na wapimaji, wazee wakamwonyesha miti, wakamtajia mkono ulioipanda, na majirani wa milima mingine wakasimama kushuhudia. Hajarudi. Huenda atarudi, mimi sijui, lakini hajarudi.

Juu kabisa, chini ya mikaratusi, kuna kipande kidogo ambacho hakijalimwa. Kimefagiwa. Hakina mti wa mpaka hata mmoja. Nilimpigia Furaha nikamuuliza pale ni pa nani, kwa nini wamepaacha.

"Hapo ni pa Patroni," akasema. "Mama anapafagia Jumamosi."

Nilimwambia Patroni hatafika pale tena.

"Tunajua," akasema.

Jioni tumekula ugali, samaki wa mkebe, na spinachi niliyoichuma kwenye ndoo za Patroni. Riziki ameula ugali wake kwa uma na kisu. Leo sikumkataza.